Land Rover ya zamani: Bodi inang'aa, chasisi inaoza

GARI la familia yetu, Land Rover 109 ya mwaka 1979, lilikaguliwa katika mambo 12. Lilipita katika matano, likaanguka katika saba.

Wiki mbili kabla ya ukaguzi huo, mnunuzi mmoja kutoka mjini alikuwa amelizunguka mara tatu pale uani kwetu Nyamiaga, wilayani Ngara. Aligonga mlango kwa kidole, akatazama bodi isiyo na tundu hata moja, akasema gari bado ni jipya. Alitaka kuondoka nalo siku hiyo hiyo.

Mnunuzi alitazama juu. Mkaguzi alilala chini ya gari akiwa na tochi na nyundo ndogo. Magari yalikuwa kama mawili tofauti, na kwa mkulima anayefikiria kununua, kuuza au kutengeneza gari la aina hii, tofauti hiyo ni fedha nyingi. Wakati mwingine ni uhai.

Hatukwenda kwenye ukaguzi kwa kupenda. Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza. Kaka yangu mkubwa alikuwa akishuka mteremko na magunia kumi, utingo na watu wengine watatu. Katikati ya mteremko pedali ya breki ilizama mpaka chini. Alipampu mara mbili, haikurudi. Akalazimisha gia namba mbili na kulielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Hakuna aliyeumia. Magunia mawili yalipasuka.

Kesho yake tulikubaliana kwamba gari halitatoka uani mpaka likaguliwe.

Tulivyoanguka

Mambo matano tuliyofaulu yalikuwa haya: matairi, vioo na waipa, honi, bomba la moshi, na tangi la mafuta pamoja na mabomba yake.

Saba tuliyoanguka ni breki ya mguu, breki ya mkono, usukani, chasisi, springi, taa na mikanda ya viti.

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini utaona kwamba tulifaulu karibu yote ambayo mtu huyaona akiwa amesimama kando ya gari. Tulianguka katika yale yanayolifanya gari lisimame, likunje kona na libaki kipande kimoja.

Mafundi waliozoea magari haya hawakushangaa. Land Rover za miaka ile, yaani Series II, Series III na hata One Ten zilizokuja mwaka 1983, huchoka katika maeneo yale yale, ziwe Ngara, Biharamulo au Uingereza zilikotengenezwa.

Kwa nini bodi hudanganya

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi, Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha, na chuma cha pua nchini Uingereza kilikuwa kinagawiwa kwa vibali. Aluminiamu, ambayo ilitumika sana kwenye ndege, ilipatikana kwa urahisi zaidi. Watengenezaji wakaamua bodi iwe ya mchanganyiko wa aluminiamu, na chasisi iliyo chini yake iwe ya chuma.

Uamuzi huo ndio uliolipa gari hili sifa ya kutooza. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu kama chuma. Mlango wa miaka 40 unaweza kuoshwa, ukapakwa rangi na kung'aa.

Lakini chasisi ni chuma, tena ni boriti zenye uwazi ndani. Matope ya masika huingia kupitia matundu, hukauka, kisha hulowa tena mvua za vuli zinapofika. Kutu huanza ndani na kutoka nje. Unapoona uvimbe wa rangi kwenye boriti, ujue ndani kazi imekwisha kufanyika.

Maeneo ya kutazama kwanza ni boriti ya nyuma inayopita upande hadi upande, mikono midogo ya pembeni inayoshikilia bodi, na mahali springi zinapofungwa kwenye chasisi. Kwetu mkaguzi aligonga boriti ya nyuma kwa nyundo. Upande wa kulia ulilia kama kengele. Upande wa kushoto ulitoa sauti ya debe lililojaa mchanga, na pigo la tatu likatoboa.

Hapo ndipo ndoano ya kuvutia ilipofungwa. Kwa miaka mingi tulikuwa tumevuta magari ya majirani kwenye matope kwa boriti ile.

Aidha, pale aluminiamu inapokutana na chuma na kukawa na unyevu, aluminiamu yenyewe huliwa na kugeuka unga mweupe. Ukiona unga huo kwenye kingo za milango au chini ya sakafu, usiufute tu na kupaka rangi.

Breki: bomba moja, magurudumu manne

Series III nyingi zina breki za dramu katika magurudumu yote manne. One Ten ilikuja na diski mbele. Breki za dramu zinafanya kazi vizuri zikitunzwa, ila zina adui wawili, maji na joto. Ukivuka kijito, lainingi hulowa na gari husita kusimama. Ukishuka mteremko mrefu huku mguu umekaa kwenye pedali, dramu hupata moto na breki hupungua nguvu.

Jambo la hatari zaidi ni kwamba magari mengi ya zamani yana mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki. Bomba likipasuka kwenye gurudumu moja, magurudumu yote manne hukosa breki. Ndivyo ilivyotupata. Bomba la chuma lililopita juu ya ekseli ya nyuma lilikuwa limesuguliwa na kuliwa na kutu hadi likawa jembamba kama karatasi. Mguu ulipokanyaga kwa nguvu, likaachia.

Mafuta ya breki nayo huchakaa. Hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakipata joto kali maji yale huchemka na kuwa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei, hivyo pedali huzama. Ni busara kuyabadilisha yote kila baada ya mwaka mmoja au miwili na kutoa upepo magurudumu yote.

Wapo wanaoongeza oili ya injini au maji pale kopo la mafuta ya breki linapopungua wakiwa safarini. Oili huvimbisha mipira iliyo ndani ya masta silinda na wili silinda. Baada ya hapo itabidi kubadilisha mipira yote, na kabla ya hapo unaweza kukosa breki kabisa.

Breki ya mkono isiyoshika gurudumu

Madereva wengi wa Land Rover hawajui jambo hili. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Ina dramu yake peke yake nyuma ya gia boksi ndogo, nayo hushika propela inayokwenda ekseli ya nyuma.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia kutokana na hilo.

Kwanza, isivutwe gari likiwa kwenye mwendo isipokuwa hakuna njia nyingine, kwa sababu nguvu yote huishia kwenye propela, difu na shafti, na kimojawapo kinaweza kuvunjika.

Pili, sili ya gia boksi ikivuja, oili huingia moja kwa moja kwenye dramu hiyo. Lainingi zetu zilikuwa zimelowa oili kiasi kwamba tulipovuta mkono mpaka mwisho, gari lilisukumwa na watu wawili likaenda. Hapo kubadilisha lainingi bila kubadilisha sili ni kutupa fedha.

Tatu, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki ya mkono haishiki tena. Difu huruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka huku lile lililo chini likiachia. Gari hutembea na kumwangukia aliye chini yake. Katika vilima vya Ngara, ambako mahali tambarare pa kubadilishia tairi ni pa kutafuta, kila Land Rover inapaswa kubeba vigingi viwili vya mbao vya kuweka kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Jiwe la barabarani huteleza.

Usukani unaocheza

Kati ya usukani na magurudumu ya mbele ya Series III kuna viungo sita vyenye mpira wa chuma ndani. Kila kimoja kikilegea kidogo, ulegevu hujumlishwa. Dereva huzoea kuzungusha usukani robo duara kabla gari halijajibu, na huanza kuona kuwa ndiyo tabia ya gari.

Namna ya kupima ni rahisi. Mtu mmoja akae ndani na kuchezesha usukani taratibu kushoto na kulia, injini ikiwa imezimwa. Mwingine achungulie mbele na kushika kila kiungo kwa mkono. Kinachocheza utakisikia kwenye vidole. Kwetu viwili vilikuwa vimekufa, na mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umepasuka katika vitatu.

Baada ya hapo, inua gurudumu la mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, tatizo linaweza kuwa beringi, au kingipini zilizo ndani ya bakuli la chuma lililo nyuma ya gurudumu. Bakuli hilo lina oili. Likiwa limetobokatoboka kwa kutu, oili huvuja, na oili ikiisha viungo vya ndani huliwa.

Springi, mzigo na hesabu ya magunia

Land Rover 109 ilitengenezwa kubeba takribani tani moja, watu wakiwemo. Hesabu ya mkulima huwa tofauti. Huhesabu nafasi iliyobaki, wala si kilo.

Magunia kumi ya kahawa yenye kilo 60 kila moja ni kilo 600. Ongeza dereva na watu wanne wenye wastani wa kilo 65, unapata kilo 325. Jumla ni kilo 925. Ukiongeza mikungu mitano ya ndizi yenye kilo 30 kila mmoja, umefika kilo 1,075 na umevuka. Mikungu hiyo mitano huonekana kama si kitu, kwa kuwa inawekwa juu ya magunia.

Mzigo uliozidi huvunja bapa za springi. Bapa moja ikivunjika, zilizobaki hubeba sehemu yake, nazo huanza kuvunjika. Gari huinamia upande mmoja, na chasisi hupata nyufa pale springi inapofungwa. Kwetu bapa ya tatu upande wa kushoto ilikuwa imekatika, upande ule ule chasisi ilipooza. Moja lilichangia jingine.

Hata breki hupewa kazi kubwa zaidi. Gari lenye uzito mara moja na nusu linaposhuka mteremko ule ule kwa mwendo ule ule huhitaji breki zimalize nguvu mara moja na nusu. Ndiyo maana ushauri wa kushuka kwa gia ndogo si wa woga. Series III ina vishikio viwili vya ziada karibu na gia. Cha njano huingiza magurudumu yote manne. Chekundu huingiza gia za nguvu. Kwenye mteremko mkali wa vumbi au matope, simamisha gari juu, ingiza gia ya nguvu, kisha shuka ukiacha injini ishikilie gari.

Taa na mikanda

Hitilafu nyingi za taa katika magari haya hazitokani na taa zenyewe, bali arthi. Waya wa arthi ukifungwa kwenye bodi yenye unga mweupe au chuma chenye kutu, umeme hukosa njia ya kurudi. Taa huwaka hafifu, au ukiwasha indiketa, taa ya breki nayo inamulika. Kabla ya kununua taa mpya, fungua arthi, sugua kwa msasa mpaka chuma kionekane, paka grisi, kaza.

Wilaya ya Ngara ina jambo la pekee. Inapakana na Rwanda kupitia Rusumo na Burundi kupitia Kabanga, na katika nchi hizo mbili magari hutembea upande wa kulia. Baadhi ya magari ya zamani yaliyoko huku yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za namna hiyo. Taa zake zikiwa zimeshushwa huelekeza mwanga kulia, na kwa upande wetu huko ndiko anakotokea mwenzako. Kama usukani uko kushoto, hakikisha taa zimebadilishwa.

Mikanda ilikuwa kosa dogo kwa bei na kubwa kwa matokeo. Mmoja ulikuwa umekatwa miaka mingi iliyopita na kutumika kufungia mizigo.

Gari la kumbukumbu, gari la kazi

Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco na nyingine zikaanzishwa Ngara, na mashirika ya misaada yakaja na magari ya kuhimili njia za huku, Land Rover na Land Cruiser. Gari lililokuwa jipya mwaka ule sasa limepita miaka 30.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30. Ila linaongeza masharti. Liwe limehifadhiwa katika hali yake ya asili, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku.

Uingereza nayo, tangu Mei 2018, imeyaondolea magari mengi yenye zaidi ya miaka 40 ulazima wa ukaguzi wa kila mwaka. Sababu ni kwamba mengi hutoka mara chache na wenyewe huyatunza kama yai.

Huku kwetu ni kinyume. Land Rover ya mwaka 1979 haiamki Jumapili kwenda kwenye maonyesho. Hubeba kahawa, mchanga, mabati, mgonjwa usiku na jeneza mchana. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilikusanya mamia ya magari haya na kuonyesha jinsi Watanzania wanavyoyapenda. Mapenzi hayo yasitufanye tuyasamehe. Umri ukizidi na kazi ikabaki ile ile, ukaguzi nao uongezwe.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haitofautishi gari la babu na gari la jana. Gari bovu halipaswi kuwa barabarani. Kadhalika mikataba mingi ya bima humtaka mwenye gari alitunze katika hali nzuri, hivyo ajali iliyosababishwa na bomba lililooza inaweza kuleta mgogoro siku unapodai.

Kutengeneza au kuuza?

Mnunuzi wetu alirudi. Tulimwonyesha orodha ya ukaguzi. Alilala chini mwenyewe safari hii, akatoka na kushusha bei karibu nusu.

Kaka alitaka tuuze. Mimi nilitaka tutengeneze. Mama, ambaye gari ni la marehemu mumewe, aliuliza swali moja tu: aliyelinunua kwa bei hiyo atalitengeneza, au atapakia watu?

Tulitengeneza, na tulijifunza mpangilio wake. Makosa tuliyagawa mafungu matatu. La kwanza ni yale yanayolizuia gari kusogea hata mita moja, yaani breki, usukani na chasisi. La pili ni ya kurekebisha kabla ya kubeba mzigo, nayo ni springi, taa na mikanda. La tatu ni ya kutazama kila mwezi, kama tairi lililokaribia kuisha.

Chasisi ilikatwa mpaka kwenye chuma kizima, kisha ikachomelewa boriti mpya yenye unene ule ule. Kubandika bati juu ya kutu ni kuificha. Kabla ya kuchomelea, betri ilifunguliwa na tangi la mafuta likaondolewa kabisa. Mabomba ya breki yalibadilishwa yote, hata yaliyoonekana mazima, kwa kuwa umri wao ulikuwa mmoja.

Kosa letu kubwa la kibiashara lilikuwa wakati. Gari lilikaa gereji wiki tano katikati ya msimu, na fedha tulizolipa kukodi gari la kusombea kahawa zilizidi bei ya vipuri vyote vya breki. Tungekagua Machi au Aprili, kabla ya mavuno, tungeokoa gharama hiyo. Kuliegesha nako si hasara kama zamani. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikilimbikiza deni hata kwa gari bovu, ilifutwa mwaka 2017.

Katika ukaguzi wa pili lilipita mambo yote 12, chasisi ikiwekewa angalizo la kutazamwa kila baada ya miezi sita. Watu hawapandi tena juu ya mzigo.

Kwa anayetaka kununua, ushauri ni mfupi. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Beba nyundo ndogo, tochi na gunia la kulalia. Gonga boriti ya nyuma, fuata kila bomba la breki kwa kidole, vuta breki ya mkono kwenye mlima na usikilize. Muuzaji akikuambia usijichafue, weka fedha zako mfukoni uende zako.

Nasi siku ile kwenye mteremko tulikuwa na ukuta wa udongo wa kugonga. Upande wa pili wa barabara ulikuwa bonde.